Kuwapeleka watoto Forodhani Idi mosi: twende saa ngapi?

Mama wa Chake
Assalaam alaykum ndugu zangu. Inshallah tunavuka na watoto watatu kuja kula Idi el-Fitri Unguja kwa dada yangu, na ahadi niliyowapa tangu mwanzo wa Ramadhani ni Forodhani, ile bustani ya ukingoni mwa bahari Mji Mkongwe. Sikukuu zetu tumezoea kuzimalizia uwanja wa Tibirinzi, kwetu Pemba, nami Forodhani sijaikanyaga tangu kabla ya matengenezo yaliyomalizika mwaka 2009. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo mitatu. Naomba mnieleze saa inayofaa, na kama chakula cha pale kinawafaa watoto.

Mkaazi wa Malindi
Waalaykum salaam dada yangu. Fikeni mara tu baada ya sala ya Alasiri, kwa sababu baada ya Magharibi siku ya Idi mosi umati huwa mkubwa hata mtoto wa miaka mitatu haoni ila magoti ya watu. Ila wakati huo huo ndipo penye jambo la kuangaliwa sana: Idi hii huangukia mwezi mwandamo, maji yakawa ya bamvua, na bahari hujaa mpaka karibu na ukuta wa bustani kiasi cha saa kumi jioni. Vijana hupiga mbio wakajirusha baharini mmoja baada ya mwengine, watu wakawashangilia, na mtoto wa miaka tisa anayetazama hutamani kufanya vile vile bila ya kujua kuogelea. Mwanangu alinichopoka mkono hapo, nikamdaka kwa ukosi wa kanzu yake mpya akiwa ameshapandisha mguu mmoja ukutani. Kaeni kwenye majani, upande wa Ngome Kongwe, na ukuta muuendee pamoja, mkiwa mmeshikana mikono.

Bi Mkubwa wa Shangani
Mwanangu, kuhusu chakula, chagua meza ambayo mishikaki inatoka motoni mbele ya macho yako, usikubali pweza aliyekwisha kupikwa akapashwa moto tena. Urojo waombe wautenge na pilipili. Ukwaju na kachori watoto watazipenda. Juisi ya miwa iliyokamuliwa papo hapo kwa ndimu na tangawizi ni nzuri, lakini waambie wasitie barafu. Bei uulize kabla ya sahani kujazwa, maana mwaka jana muuzaji mmoja alinitajia hesabu nilipokwisha kula, na ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyomtoza jirani yangu.

Mkaazi wa Malindi
Nilisahau: wawekeeni watoto mahali pa kukutana. Sisi hutumia kile kibanda cha kupigia bendi kilichoko katikati, kwani hata mtoto aliyepotea anaweza kukitaja kwa mtu mzima yeyote. Na karatasi yenye nambari ya simu yako mshonee mdogo ndani ya mfuko.

Mama wa Chake
Ahsanteni sana, Mungu akulipeni kheri. Nguo ya mdogo bado iko kwa fundi, nitamwambia leo aongeze mfuko wa ndani.