Tupeane uzoefu: Mbwa gani anawafaa mke na mume wanaoshinda kazini?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tumehamia kwetu huku Kibaha. Uzio wa tofali upo, majirani wa kuhesabu, na usiku ni giza totoro. Tunataka mbwa, hilo tumekubaliana. Ugomvi unaanza tukifika kwenye mbwa gani. Mimi roho yangu iko kwa German Shepherd. Yeye mbwa wakubwa anawaogopa tangu utoto, anataka kale keupe kenye manyoya, Japanese Spitz. Tunatoka alfajiri kukimbizana na foleni ya Kimara, tunarudi giza limeingia. Mtoto bado, dada wa kazi hatuna. Wenye uzoefu, hasa wanandoa, mlichukua yupi na mnaishi naye vipi? Wauzaji kaeni pembeni kwanza, bei tutaulizana baadaye.

Baba wa Tegeta: Mkuu, tunaye German Shepherd dume. Watu husahau kwamba huyu alizalishwa kuchunga kondoo. Chama chake kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899, na kazi ilikuwa kutembea na kundi kutwa nzima. Sasa mfungie bandani kuanzia alfajiri mpaka usiku uone. Wetu alishusha kanga zote za mke wangu kwenye kamba, moja moja, akazilalia. Hakuzitafuna, alizilalia tu. Nyumba ilitulia mke wangu alipoanza kukimbia naye alfajiri kabla ya kazi kuanza, na leo anamsikiliza yeye kuliko mimi. Ukienda kuchukua mtoto wa mbwa, omba kuwaona wazazi wake wakitembea. Aina hii husumbuliwa na nyonga. Ukiona mama anayumba nyuma, aga uondoke.

Shangazi Njiro: Mpe mkeo Spitz wake! Sisi tunaye, analala ndani, na mimi niliyekuwa napanda kwenye kiti nikiona mbwa leo ndiye ninayemchana manyoya. Ila jiandae kwa kelele. Bodaboda ikipita anabweka, mjusi akipita anabweka, mume wangu akipiga chafya anabweka. Mwizi hatamwogopa, lakini hataingia kimyakimya. Na weupe huo huku Arusha kwenye tope la masika, mmh, usiniulize. Kushinda peke yake hawezi kabisa, tukimwacha anamlilia jirani mpaka jirani ananipigia simu.

Binti Ngamiani: Hodi kutoka Tanga. Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na ninyi wengine hamtaji jambo hili. Mbwa wa ulinzi tunaruhusiwa kufuga, lakini kwa sisi Mashafii mate yake ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa anayekurukia na kukulamba uso kila ukirudi, kama Labrador, kwetu ni vita, hasa mama mkwe akiwepo. Tulichukua jike wa kienyeji, rangi ya kahawia, manyoya mafupi. Banda lake liko getini, bakuli lake liko hukohuko, anakula ugali wa dona na dagaa. Hana habari ya kuingia ndani. Ukipita anainua kichwa, akiona ni wewe anakirudisha chini. Watu wanamdharau eti koko. Wacha wadharau.

Msee wa South B: Hapa Nairobi sisi tuko fleti, kwa hivyo ni Maltese, kale kadogo ka ndani, au hakuna kitu. Jirani alileta Husky, macho ya buluu, kila mtu anapiga picha. Huyo ni mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji ya Siberia, ana manyoya ya tabaka mbili. Hapa kwetu baridi inamsaidia kidogo, lakini huko Pwani ni kumtesa tu.

Afisa Mifugo, Morogoro: Naongezea hapo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema. Ndiyo maana wenye pua fupi, Pug na Bulldog, hupata shida sana kwenye joto la Pwani. Chanjo za mwanzo, ikiwemo ya parvo (ugonjwa wa kuhara damu), mtoto wa mbwa apate kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, halafu irudiwe kama daktari atakavyopanga. Kibaha kupe wapo, mkague masikioni na katikati ya vidole. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe msimmiminie kwa kukisia, nimeona mbwa wakianguka.

Mleta mada: Asanteni. Mke wangu amesoma yote, kisha akaniuliza nani atakimbia na huyo Mjerumani saa kumi alfajiri. Sikuwa na jibu, na yeye Spitz wake amemfuta mwenyewe kwa ajili ya jirani. Sasa anamuulizia yule wa Tanga: mgeni akifika anafanyaje?

Binti Ngamiani: Ukipita njia hakusemeshi. Ukishika komeo la geti anasimama na kukunguruma chini chini. Ukilisukuma, hapo mtaa mzima utajua. Majike ya kienyeji yanazaa sana lakini, mwambie afisa mifugo amfunge kizazi mapema.