Mama ana uvimbe kwenye titi, tumeletewa "dawa ya nano". Tukodishe shamba la zabibu?

Mtoto wa Mpunguzi: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali hapa Dodoma mjini wamechukua kinyama, majibu bado wiki mbili. Juzi akaja mtu nyumbani na kimashine. Unashika kichuma kiganjani, dakika moja anakusomea figo, ini, kansa, kila kitu. Kasema Mama ana kansa na dawa yake ni unga wa nano, dozi laki tisa. Baba anataka tukodishe shamba kabla ya mavuno. Mama naye hataki tena kurudi hospitali, anaogopa kukatwa. Hii nano ni kitu cha kweli? Silali.

Nesi wa Zamu: Pole sana ndugu yangu. Nano ni kweli, ni utaalamu wa vitu vidogo mno vinavyopimwa kwa nanomita, yaani mita moja ukiigawa mara bilioni, na ndiyo maana matapeli wamelishika hilo neno. Unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000. Sasa kuna ile dawa nyekundu ya dripu, doxorubicin, inayochosha moyo. Wataalamu waliifunga ndani ya vifuko vya mafuta vya nanomita 100 hivi, Marekani ikaruhusiwa mwaka 1995. Mishipa ya damu ya uvimbe huota kwa pupa, inabaki na matundu. Vifuko vinapenya hapo, na moyo unapata nafuu. Hata hiyo ina madhara yake, viganja na nyayo huchubuka. Inaingia kwa mshipa, daktari wa kansa akisimamia. Unga wa kukoroga kwenye uji sio hiyo.

Fundi Maabara: Naongezea kuhusu kimashine. Kile kipimo cha mimba cha duka la dawa, ule mstari mwekundu mara nyingi ni chembe za nano za dhahabu. Lakini lazima ukichovye kwenye mkojo, chembe zinase homoni. Kichuma cha kiganjani kinanasa nini? Jasho tu. Subirini majibu ya kinyama, ndiyo yatakayosema ni kansa au siyo, na ya aina gani.

Mama Wawili: Mdogo wangu, mimi nilikunywa mizizi miezi mitano kwa kuogopa kisu. Uvimbe ulikuwa kama karanga, nikafika Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, ukiwa kama limao. Nilikatwa, nikapigwa mionzi, nipo. Shamba msiliguse. Mkikwama hela, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali. Na si kila uvimbe ni kansa, mwambie Mama hilo kwanza.

Mtoto wa Mpunguzi: Asanteni sana. Nimewasomea wote wawili jikoni, Mama akichambua mlenda. Baba kanyamaza. Mama kauliza swali moja tu: huyo dada aliyekatwa, ndoo ya maji anabeba?

Mama Wawili: Mwambie ya lita kumi nabeba, kwa mkono wa pili. Ya ishirini wananibebea wanangu. Nitumie namba yake faragha, nimpigie jioni hii.