Mrejesho: ukuta wa matumbawe, Mji wa Kale

Ahsanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini rangi ya chumba cha chini, nyumba ya marehemu bibi hapa Mji wa Kale, inabanduka kila masika na ukuta kutoa chumvi nyeupe. Mkanijibu kuwa ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, na simiti iliyopakwa juu yake hufungia unyevu ndani. Mlisema kweli. Tulipobandua simiti kwa patasi, mimi na mdogo wangu, ukuta ulikuwa umelowa kabisa.

Makosa yalikuja kwenye plasta. Nilipiga chokaa mkupuo mmoja, unene wa sentimita 3, na madirisha nikayaacha wazi upepo wa kusi uingie. Baada ya siku mbili, nyufa tupu. Nimeibomoa yote. Sasa nalowesha ukuta kwanza, napiga tabaka jembamba la sentimita 1, kisha natundika magunia yaliyoloweshwa ili ikauke polepole. Ukuta mmoja umemalizika bila ufa, na mama alikuja kuupapasa kwa kiganja, akanyamaza.

Kilichoniuma ni boriti. Juu ya mlango, mbili zimeliwa na mchwa, kidole kinazama. Hapo nimesimamisha kazi, nikaegemeza nguzo na kumwita fundi mzee wa mtaani, maana dari hiyo imebeba chumba anacholala mama. Atakuja Jumamosi.

Kuna anayejua wapi napata boriti za mkoko za halali, zilizokauka vizuri?