Gumzo la ukoo: kipengele cha nne

Shangazi: Shikamoo Baba. Wengine nyote hamjambo? Kamati ya urafiki imenikabidhi kazi ya kuandika rasimu ya hati ya makubaliano kati ya usharika wetu na usharika rafiki wa ng'ambo, na baraza la wazee litaijadili Jumapili baada ya ibada. Nimeweka hapo juu picha za kurasa zote tatu. Kipengele cha nne kinanikera kila nikikisoma, lakini nashindwa kusema kinanikera kwa nini, ndiyo maana naomba macho yenu kabla ya macho ya wazee.

Babu: Marahaba, binti yangu. Herufi ni ndogo, nipe muda nisome polepole.

Mama: Shikamoo Baba. Wifi, mimi nimehesabu tu. Kipengele cha nne, kinachoanza na maneno "Usharika rafiki utasaidia", kina mistari 11: paa, tangi la maji, kinanda, vitabu vya nyimbo, ada za wanafunzi, na kuendelea. Kipengele cha tano, kinachotuhusu sisi, kina mstari 1: "Usharika wetu utatoa taarifa ya matumizi na kuwaombea wafadhili." Ukurasa wa kwanza tumewaita marafiki, kufika ukurasa wa pili wamekwisha kuwa wafadhili.

Shangazi: Sikuliona hilo neno, wifi. Nimeliandika kwa mkono wangu na sikuliona.

Kaka: Shikamooni wazee wangu. Kwa heshima zote, naona tunajisumbua bure. Wao wana fedha na sisi hatuna, na kulivika jambo hilo vazi la urafiki ni kujidanganya kwa adabu. Afadhali tuseme wazi kwamba tunaomba msaada, wao wajibu ndiyo au hapana, na kila upande uendelee na shughuli zake.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Unachosema kina ukweli ndani yake, na watu wa kanisa tuna tabia ya kuukimbia ukweli huo. Lakini sikiliza. Mwaka 1910, katika mkutano mkubwa wa wamisionari uliofanyika Edinburgh, mchungaji mmoja kutoka India, V. S. Azariah, alisimama mbele ya wajumbe ambao karibu wote walitoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Alikiri kwamba walikuwa wametoa mali zao na hata miili yao, kisha akawaambia kwamba wenzao walikuwa wakiomba upendo pia: tupeni marafiki. Miaka miwili baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Azariah hakuzikataa fedha zao. Alichokuwa amekiona ni kwamba mtu anaweza kukujengea shule na bado asikukaribishe kuketi mezani kwake, na kwamba mwenye shule na mwenye njaa ya kukaribishwa wote wawili hupungukiwa.

Kaka: Nimekuelewa, Babu. Lakini Azariah alikuwa akiwaambia wenye fedha. Sisi tulioandika mistari 11 ndio tunaopaswa kuambiwa.

Baba Mkubwa: Hapo umegonga penyewe, na kosa la rasimu hii lina ukoo wake. Mwaka 1963 Waanglikana wa dunia nzima walikutana Toronto na kutangaza kwamba makanisa yao yanategemeana na kwamba kila moja linawajibika kwa mwenzake. Tangazo lilikuwa zuri, lakini utekelezaji wake uligeuka upesi kuwa orodha za miradi zinazotafuta wa kuzilipia, na manung'uniko yakazidi hata mwaka 1973, baraza lao lilipokutana Dublin, ukaanzishwa utaratibu mwingine: kanisa mwenyeji huwaita washirika wake, wakakaa pamoja kuuchunguza utume wake kwanza, ndipo fedha zitajwe. Kwa hiyo dada yangu usijilaumu, maana maaskofu wenyewe waliwahi kuandika kipengele cha nne chako.

Shangazi: Angalau nina wenzangu wenye kofia.

Dada: Shikamooni nyote. Naomba niseme jambo la kwaya, kwa sababu nilikuwepo wageni walipokuja mara ya mwisho. Tuliwaimbia nyimbo saba, wakatupiga picha, wakapanda jukwaani kukabidhi bahasha, nasi tukapiga makofi. Walikaa kwetu siku tisa. Walipoondoka, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliniuliza yule mama mrefu mwenye fimbo anafanya kazi gani kwao, nikajikuta sina jibu. Nikamuuliza mwalimu wa kwaya, naye hana. Nikamuuliza katibu, naye hana. Siku tisa, na hakuna aliyemuuliza mgeni wetu kazi yake. Tulijua kiasi kilichokuwa ndani ya bahasha.

Mama: Mwanangu, mbona hukuwahi kulisema hili?

Dada: Niliona aibu, Mama, kwa kuwa mimi pia sikumuuliza.

Kaka: Basi tufanye kama Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, aliyetoa wito mwaka 1971 kwamba wamisionari na fedha za kutoka nje visitishwe kwa muda. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka uliuunga mkono wito huo. Tujitegemee kwanza, tukishasimama, tutazungumza kama marafiki.

Babu: Wito ule ninaukumbuka vizuri, maana nilikuwa ndio kwanza nimeanza uchungaji na tulibishana usiku kucha. Wengi waliusikia kama mlango unaofungwa kwa hasira. Mimi nilivyouelewa, ulikuwa ombi la kupumzishana, kwamba anayepokea apate kujijua yeye ni nani bila bahasha, na anayetoa apate kujijua yeye ni nani bila kutoa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyowauma zaidi ng'ambo. Sikubaliani nawe kwamba tusubiri mpaka tusimame, kwa sababu urafiki unaosubiri pande mbili zilingane mifuko hautaanza kamwe. Lakini nakubali kwamba paa letu wenyewe tungeweza kuanza kulichangia tangu mwaka jana, na hatukuanza kwa kuwa tulikuwa tunasubiri barua.

Baba Mkubwa: Niseme la fedha, kwa sababu zitakuwepo tu, hata tukizipamba maneno. Katika usharika niliowahi kuutumikia kama mhazini, rafiki mmoja wa ng'ambo alikuwa akituma michango ya tangi la maji moja kwa moja kwenye simu ya mzee mmoja, kwa sababu waliwahi kuishi nyumba moja wakati wa ziara na walipendana kweli. Mzee yule sidhani kama aliiba. Hakuwa na daftari, basi. Ulipofika wakati wa kuulizana, hakuna aliyeweza kuonyesha kilichoingia wala kilichotoka, na ugomvi ule ukawagawa watu kwa miaka miwili, tangi likiwa limesimama pale bila mfuniko. Mtume Paulo alilijua hili. Alipokusanya mchango wa makanisa ya mataifa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kuupeleka, na katika barua ya pili anaeleza kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa alisafiri pamoja nao ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Mtume mzima alihitaji mashahidi wa mfuko. Kwa hiyo naomba hati iseme: akaunti ya usharika tu, watia saini watatu, na hakuna simu ya mtu binafsi.

Shangazi: Hilo ninaliandika sasa hivi, kaka.

Mama: Shemeji, ongeza jambo moja. Rasimu inatutaka sisi tutoe taarifa ya matumizi kila nusu mwaka. Wao watatuletea taarifa gani?

Kaka: Mama, wao watoe taarifa ya fedha zao kwetu? Watashangaa.

Mama: Washangae. Kama ni marafiki, nataka kujua wanaamuaje mambo, vijana wao wako wapi, na wanahangaika na nini. Paulo huyo huyo anasema katika sura ya nane ya barua hiyo ya pili kwamba wingi wa hawa uufae upungufu wa wale, na wingi wa wale uje ufae upungufu wa hawa. Hatuwezi kuufaa upungufu ambao hatujawahi kuuuliza.

Babu: Amina, mkwe wangu. Tena tusidhani kwamba kila urafiki wa namna hii ni wa tajiri na maskini. Kanisa kuu la Coventry huko Uingereza lilibomolewa kwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940, na baada ya vita watu wake wakatuma misalaba iliyotengenezwa kwa misumari ya paa lililoungua kwenye miji ya Ujerumani iliyokuwa imeungua nayo. Kanisa la Frauenkirche la Dresden lilipojengwa upya, msalaba wa juu ya kuba ulitolewa na Waingereza, na mmoja wa mafundi walioutengeneza alikuwa mtoto wa rubani aliyeshiriki kuupiga mji ule mwaka 1945. Pale hakuna aliyekuwa mfadhili wa mwenzake.

Dada: Nimesisimka, Babu.

Shangazi: Ndugu zangu, baada ya swali la wifi nimekwenda kwenye faili la kamati, nikaitoa barua yao ya mwisho. Ina kurasa mbili. Nimeisoma upya nikiwa nimesimama, na mikono yangu imepoa. Katikati ya ukurasa wa pili wanasema hivi, naifupisha: kwamba kati ya majengo yao mawili ya ibada wamelazimika kuuza moja, na kwamba kwaya imevunjika baada ya mpiga kinanda wao kufariki, kwa hiyo siku hizi wanaimba bila kinanda au hawaimbi kabisa.

Mama: Na sisi tulijibu nini?

Shangazi: Nakala ya jibu letu ninayo hapa. Tumewashukuru kwa barua yao nzuri, kisha tumeeleza vipimo vya paa. Na kinanda, wifi, kile kilichomo kwenye orodha, tumekiomba katika barua hiyo hiyo.

Kaka: Shangazi, naondoa maneno yangu ya mwanzo. Au tuseme nayaondoa nusu.

Babu: Msiumie kupita kiasi. Barua bado inaweza kujibiwa, hata kama imekaa miezi minane.

Shangazi: Nimejaribu kukiandika upya kipengele cha nne. Naomba mkisome: "Kila usharika, mara mbili kwa mwaka, utamwandikia mwenzake habari za furaha yake, hasara yake na mahitaji yake, na kujibu habari alizoandikiwa kabla ya kuomba jambo lolote. Mradi wowote utakaohitaji fedha utaanza kwa mchango wa usharika unaouhitaji, na utajadiliwa na kamati zote mbili." Mistari 11 nimeiondoa. Kipengele cha tano kinabaki na utaratibu wa akaunti, na neno "wafadhili" nimelifuta kila lilipokuwa.

Baba Mkubwa: Kimekaa vizuri. Baada ya "kamati zote mbili" ongeza "kwa maandishi".

Dada: Shangazi, kwaya ikubali au ikatae, mimi nitawaomba turekodi nyimbo tatu, sauti nne bila kinanda, ili wao wapate za kuimba nazo Jumapili. Tusiziite zawadi kwenye hati, tuwatumie tu.

Babu: Na barua ya jibu iende kabla ya hati, binti yangu. Anza na yule mpiga kinanda. Waulize alikuwa anaitwa nani.