Sencha yangu (chai ya kijani ya Kijapani) inatoka chungu, nakosea wapi?

Wadau, mshkaji kaniletea kyusu toka Japani, kale kabirika ka udongo mwekundu ka mji wa Tokoname kenye mpini ubavuni, na pakiti ya sencha. Maji yakitokota tu namimina naacha dakika 5, inatoka chungu mpaka ulimi unakauka. Kabirika kabovu au?

chai_ya_jioni: Kabirika hakana kosa mkuu, unaiunguza chai 😂 Sencha inataka nyuzi 70 mpaka 80, ukishachemsha mimina kwanza kwenye vikombe yapoe ndo uyahamishie kwenye kyusu, majani gramu 5 hivi, dakika 1 basi. Halafu mimina mpaka tone la mwisho maana maji yakibaki mle yanazidi kukamua uchungu. Majani usitupe, raundi ya 2 sekunde chache tu.

fundi_udongo: Na sabuni usiguse kabisa, ule udongo ndani haujang'arishwa, unashika harufu. Suuza na maji ya moto, acha wazi ikauke.

mwenye swali: Kumbe! Sukari je?

chai_ya_jioni: Chai yako bana, ila Wajapani wenyewe sencha hawatii sukari.