Mbegu za kabichi za kupimiwa: nizitie dawa gani kabla ya kusia?

Wa_Lushoto: Wakuu, naomba msaada. Msimu uliopita kabichi zangu zilianza njano pembeni mwa jani, umbo la V. Ukikata shina, mishipa myeusi. Bwana shamba akasema ni uozo mweusi, huenda umekuja na mbegu. Nilipimiwa kwa kijiko gulioni, na sasa ninazo nyingine za hivyo hivyo. Nizipake ile dawa ya unga?

Fundi_Kitalu: Unga hautakufaa kwa hilo, mkuu. Ule ni wa ukungu, mfano kinyausi (ugonjwa unaoangusha miche kitaluni). Uozo mweusi ni bakteria, tena hujificha hadi ndani ya mbegu. Dawa yake ni maji ya moto, nyuzi 50 kwa dakika 25.

Mimi huzifunga kwenye kipande cha chandarua kikuukuu, legelege maji yapite, na msumari humo ndani zisielee. Kwanza dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 37, ndipo zinaingia sufuria kubwa (ndogo inapoa upesi mno). Hapo husogei hata simu ikiita. Kipimajoto kikianza kushuka, ongeza maji ya moto kidogo kidogo pembeni huku unakoroga. Ukizidisha joto umepika mboga, si mbegu. Muda ukitimia, maji baridi dakika 5, kisha anika kivulini.

Mbegu ikiwa ya zamani, jaribu chache kwanza uone kama zinaota.

Mama_Neema: Na majivu je? Bibi yangu alikuwa hasii bila majivu.

Fundi_Kitalu: Majivu ni mazuri kwa wadudu wa ghalani, Mama Neema. Bakteria aliye ndani ya mbegu hayamfikii.

Kijana_wa_Matikiti: Nami nichemshe za tikiti?

Fundi_Kitalu: Thubutu! Tikiti, tango na boga huharibika kwa maji hayo. Nyanya zinavumilia, nyuzi na dakika sawa na kabichi. Na zile za kopo zenye rangi ya waridi au bluu tayari zina dawa, ziache zilivyo.

Wa_Lushoto: Asante sana mkuu. Kipimajoto cha homa kitafaa?

Fundi_Kitalu: Hapana, hicho kinaishia 42 hivi. Tafuta cha jikoni au cha maabara. Na kitalu usikiweke palepale penye mabaki ya kabichi za mwaka jana, utakuwa umechemsha bure.

Wa_Lushoto: Mabaki bado yapo shambani, nayang'oa kesho.