Wakishacheka wananiambia "hizi za watoto"

BintiKirumba:
Wakuu, habari za jioni. Mimi mchoraji, miaka 22, nipo Mwanza. Natumia rangi za mafuta za makopo juu ya silingibodi, kama alivyoanza mzee Tingatinga kule Dar mwaka 1968. Ila twiga sichori, nachora ziwa letu. Sangara kavaa suti, anahudumiwa mezani na furu, wale samaki wadogo anaowala, wenye sare nyeupe, na kila anayeleta sahani ndiye kitoweo chenyewe. Nyingine ni magugu maji yamepanga foleni kivuko cha Kamanga, yana mabegi, yanalipa nauli. Ya juzi ni wavuvi wa dagaa chini ya mwezi mpevu rangi ya chungwa, karabai zinawaka, nyavu zimejaa chupa za plastiki zinazocheka.

Watu wanacheka kweli. Wakimaliza, "hizi za watoto", na bei inashuka hadi ya kalenda. Jirani yangu simba wake hawakai wiki. Nipunguze utani? Nipake rangi za huzuni ili wajue nasema jambo?

FundiMabango:
Rangi usiguse, mdogo wangu. Na mimi nilishachora ziwa jeusi, samaki wamekufa, Mto Mirongo unamwaga taka. Watu walipita bila kugeuka. Picha ile leo ni mlango wa banda la kuku. Bei ni kosa lako, unaitaja mtu akiwa bado anacheka. Mwache anyamaze kwanza, aangalie tena.

MamaDagaa:
Mwanangu, mimi naanika dagaa miaka mingi. Hizo chupa nimezipenda. Lakini mwezi mpevu? Mwezi ukiwa mkubwa vijana hawaingii ziwani! Dagaa anafuata taa kukiwa na giza. Kukiwa na mbalamwezi anatawanyika, watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Na karabai siku hizi utaziona wapi, wengi wana taa za sola. Mvuvi akiiona hiyo picha atacheka, ila atakuwa anakucheka wewe.

Msafiri_Sengerema:
Ile ya foleni ya Kamanga shilingi ngapi? Nadhani begi la kijani ni langu.

BintiKirumba:
Mama, nimeona aibu, na bibi yangu alikuwa muanika dagaa! Karabai nazifuta leo. Mwezi nauacha. Wavuvi nawalaza ufukweni wanakoroma, halafu chupa ndizo zinapanda mtumbwi na taa za sola, zinaenda kuvua. Msafiri, njoo inbox.